Dakika 19, Siyo Saa Nzima

Ile sauti ya dakika nne inayozunguka tangu Jumatatu nimeisikia. Nimeisikia mara tatu. Mara ya kwanza alinitumia Fundi mwenyewe, aliyeirekodi kijiweni kwake huku anafungua simu za watu. Mara ya pili alinitumia shemeji yangu wa Muheza, ambaye Fundi hata hamjui. Mara ya tatu hakunitumia mtu: nilikuwa kwenye daladala ya Raskazone, ikawa inalia kwenye simu ya abiria wa kiti cha mbele, na konda anacheka mpaka akasahau kunidai nauli. Sikumkumbusha. Hiyo ndiyo faida pekee niliyoipata katika jambo hili zima.

Sasa kwa kuwa limeshafika Muheza, acheni nilisimulie mwenyewe. Fundi anasema niliuonyesha mtaa mzima kifuniko cha plastiki cha darubini yangu kwa saa nzima, nikiwaambia ule ni mwezi. Uongo. Haukuwa mtaa mzima, walikuwa watu 11. Na haikuwa saa nzima, zilikuwa dakika 19. Hayo mengine ni kweli.

Nyie mnaonifuata tangu mwaka jana mnajua nilivyoingia kwenye hii kazi isiyo na mshahara. Oktoba ile nyota yenye mkia ilikuwa inaonekana upande wa magharibi jua likishatua, watu wanaipiga picha kwa simu, na mimi nikakaa jioni tatu nafuatilia taa za ndege. Uchungu ule ndio ulioninunulisha darubini. Ya mtumba, laki tatu na nusu, kwa jamaa aliyekuwa anahama: bomba jeupe refu, mdomo wa milimita 114, linalofanana na bomba la chemba kiasi kwamba watoto wa hapa Ngamiani, Tanga, mpaka leo wananiuliza lini nitalifukia.

Na nimeona mambo, msije mkadhani ni vituko tu. Desemba nilielekeza bomba kwenye sayari ya Mshtarii (Jupita) nikaona vidoti vinne vimejipanga mstari mmoja ubavuni mwake, ile miezi ambayo Galileo aliiona mwaka 1610. Nikamwamsha mama watoto saa sita za usiku. Akaangalia, akasema, "Futa kioo, kina vumbi," akarudi kulala. Kesho yake nikamwonyesha kwamba vumbi limehama, viwili huku, viwili kule. Hapo akaniheshimu. Likumbukeni hilo, nitalirudia, na nikilirudia litaniuma.

Zohali, ile sayari yenye pete, ndiyo imenitia hasara. Mimi nimenunua darubini kwa ajili ya pete, na nimeinunua msimu ambao pete zimegeuka ubavu! Kila baada ya miaka kama 15 tunazitazama kwa ukingo, na kwa vile ni nyembamba mno, zinapotea machoni. Machi 2025 zilipotea kabisa, na miezi iliyofuata zikawa kamstari tu. Mgeni anakuja kaahidiwa pete, anakuta kidonge kimechomwa mshikaki. (Balozi wa nyumba kumi aliyekuja Aprili kuuliza bomba langu limeelekea bafu la nani, suala hilo tulilimaliza kwa chai. Msilifufue.)

Halafu kuna Babu Nahodha. Ndiye mkubwa wa baraza la kahawa mbele ya nyumba yangu, na ujana wake wote umeishia kwenye jahazi, Tanga, Pemba, Lamu. Nilipomwonyesha Kilimia mara ya kwanza kwenye bomba, kile kishada cha nyota sita kikawa kimejaa nyota kama mchanga, mimi natetemeka kwa furaha namngojea aseme neno. Akainua kichwa taratibu. "Mwanangu, zile sita zilinifikisha Pemba. Hizi za ziada zingenipoteza."

Huyo ndiye mtu niliyemfanyia nilichomfanyia.

Jumapili, tarehe 7 Septemba 2025, mwezi ulikuwa upatwe wote. Wiki nzima nilikuwa natembea na ratiba mdomoni: saa 1:27 usiku unaanza kumegwa, saa 2:30 umefunikwa wote, saa 3:52 unaanza kuachiwa. Dakika 82 za mwezi mwekundu, bure, hapo hapo barazani. Nilimpa ratiba muuza duka, nikampa mama wa vitumbua, nikampa hata kinyozi wakati wembe uko shingoni. Na nikamwomba mwenye duka azime taa yake ya nje ili tuone vizuri. Akazima. Kungekuwa na ile taa, leo nisingekuwa naandika haya.

Inabidi niwaeleze kuhusu kifuniko, kwa sababu Fundi kwenye sauti yake anakitaja tu kama vile mimi ni mtu asiyejua kufungua sufuria. Mdomo wa darubini unazibwa na kifuniko kikubwa, upana wa kisosi. Katikati ya hicho kikubwa kuna kingine kidogo, ukubwa wa kifuniko cha dumu. Mwezi mpevu ukiutazama kwa mdomo mzima unakuumiza jicho, ni kama mtu kakumulika tochi usoni. Kwa hiyo kile kikubwa unakiacha palepale, unang'oa kidogo, mwanga unaingia kwa kitundu tu. Ni utaratibu kabisa, wala siyo ujanja wangu.

Ndivyo nilivyofanya saa moja na nusu. Watu wakaona mwezi unavyoanza kumegwa pembeni, wakafurahi, nami nikapata sifa zangu. Ikaadhiniwa isha. Watoto wamejazana kwenye bomba na vidole vya mafuta ya vitumbua, mmoja tayari kashaingiza kidole kwenye kitundu mpaka kwenye kifundo. Nikasema hapana, kioo changu hiki. Nikarudishia kile kifuniko kidogo, nikakibana vizuri, nikaenda msikitini. Mtu makini.

Baada ya isha tukaswali swala ya kupatwa kwa mwezi, rakaa mbili, kila rakaa na rukuu mbili, na imamu wetu siku hiyo akachagua sura ndefu. Tulipotoka ilikuwa kama saa 2:45 na mwezi ulikuwa umeshageuka rangi ya chungu kilichotoka motoni. Nikakimbia na kanzu yangu mpaka kwenye bomba, watu nyuma yangu. Nikalenga kwa kile kidarubini kidogo cha juu, mwezi nikauona katikati kabisa. Nikainama kwenye jicho la bomba.

Giza.

Sasa hapa ndipo elimu ilipoponza. Mtu asiyejua kitu angesema, mbona giza, angekagua bomba, mambo yangeisha. Lakini mimi usiku uliotangulia nilikuwa nimesoma kwamba mwezi ukishapatwa wote mwanga wake hupungua mara maelfu. Na nilikuwa nimesoma kwamba jicho linahitaji muda kuzoea giza. Yote mawili ni kweli! Nikajiambia, tulia, macho yazoee. Nikatulia. Na wallahi nawaambia, baada ya nusu dakika niliona wekundu. Kwa mbali, pale katikati, wekundu unaopumua. Baadaye nimejua kwamba jicho likikaa gizani hujitengenezea vimulimuli vyake lenyewe, lakini usiku ule sikuwa na shaka hata chembe. Nikainua kichwa nikawatangazia watu: "Upo! Ila msiwe na haraka. Inamisheni, tulieni, utawajia wenyewe."

Saa 2:48. Anzeni kuhesabu.

Mama wa vitumbua wa kwanza. Akakaa pale muda, ameshika upawa mkononi. "Ee, nauona jamani. Mwekundu. Masikini, umekaa kama umelala."

Akafuata mwalimu wa sayansi wa sekondari, jina namsitiri. Akainama, akaguna kama mtu aliyekutana na mtu anayefahamiana naye. "Naam. Bahari ya Utulivu ile pale, kulia."

Mimi nikaona nimezidiwa kwenye bomba langu mwenyewe. Nikamsogeza, nikainama tena, na kwa sauti ya watu wote nikasema: "Alikoshukia Armstrong mwaka 1969. Sasa ukishuka chini zaidi kuna shimo kubwa, kreta inaitwa Tycho, imetoa mistari kila upande kama tikiti." Nikawa naionyesha kwa kidole hewani. Jamani, nilikuwa naielezea mistari. Kifuniko kilikuwa shibiri moja kutoka puani mwangu, maana darubini za aina hii jicho lake liko kulekule juu karibu na mdomo, na mimi nahesabu mistari ya Tycho kwenye plastiki ya ndani.

Na wewe Fundi. Wewe mwenye sauti ya dakika nne. Ulikuwa wa tano. Uliinama ukasema nini? Mbona hukuirekodi hiyo? Kwa wasiokuwepo: Fundi aliangalia, akapiga mluzi, akasema, "Duh. Kioo orijino hiki."

Basi wa nane akawa Babu Nahodha. Alivua kofia, akainama, mikono nyuma. Akakaa. Watu kimya, wanangoja aseme neno lake.

"Mwanangu, mimi sioni kitu."

"Tulia Babu, macho yazoee."

"Yameshazoea. Ni giza hili."

Watu saba walikuwa wameshaona. Mwalimu aliona bahari. Mimi niliona tikiti. Kwa hiyo kosa liko wapi? Nikamshika bega, na kwa ile sauti ya upole ambayo watu husemea na wazee, lakini kubwa, kila mtu asikie nilivyo na huruma, nikamwambia: "Babu, hiyo ni dalili ya mtoto wa jicho. Wala usihuzunike. Wiki hii nitakupeleka hospitali mwenyewe, siku hizi wanautoa upesi tu."

"Pole Babu," wakasema watu. Mama wa vitumbua akampa kitumbua kimoja cha bure. Babu akakipokea, akakaa barazani, akainua uso juu. "Mbona huko juu nauona vizuri?" akauliza, kama anajiuliza mwenyewe.

Nikamjibu! Ningenyamaza tu, lakini nikamjibu: "Mtoto wa jicho huanza hivyohivyo, Babu."

Watu 11 walipokwisha nikaona si vyema mzee alale na kinyongo. Nikamwita arudi ajaribu tena. Akaja bila ubishi, na hilo ndilo linaloniuma, kwamba alikuja bila ubishi. Akainama. Ilikuwa saa 3:07. Dunia inazunguka, mwezi hausubiri, kila dakika chache unatoka kwenye bomba inabidi ulisogeze kidogo. Nikashika mdomo wa bomba kulisogeza.

Kidole gumba changu kikagusa kitu.

Mwanzoni nilidhani ni umande. Halafu umande ule ukawa na ukingo. Nikapapasa. Ukingo ule ukawa na duara, duara likawa na herufi za kampuni zilizoinuka, na kidole changu, ambacho hakijawahi kusoma kitu gizani tangu nizaliwe, kikasoma herufi zote. Mwili ukaingia baridi kuanzia kwenye kisigino. Nikawaona wote kwa mfululizo: mama wa vitumbua na masikini wake aliyelala, mwalimu na bahari yake, tikiti langu, na kichwa cheupe cha Babu Nahodha kimeinama hapa, chini ya kwapa langu, kinajitahidi kuona.

Mtu muungwana angesema palepale, jamani samahani. Mimi nikaamua kukitoa kimyakimya.

Kilikuwa kimebana kama kifuniko cha ndoo ya rangi. Nikakohoa ili kufunika mlio, nikavuta. Kikasogea upande mmoja. Nikakohoa tena. "Pole na kifua," akasema mama wa vitumbua. Kohoo la tatu nikavuta kwa nguvu zote, kikasema *pwak*, kikatoka chote, kikubwa na kidogo kwa pamoja, nikakisukumia ndani ya kanzu kupitia shingoni na kukibana kwapani. Sekunde mbili haikufika. Nikasema moyoni, alhamdulillah, yameisha.

Nilichosahau ni kwamba jicho la Babu lilikuwa palepale.

"Lahaula!" Aliruka nyuma utadhani bomba limemuuma. "Umekuja! Mwezi umekuja wote!" Akainama tena, akainuka tena, machozi yanamlengalenga. "Macho yangu yamefunguka! Naona mpaka mabonde!"

Hamkuwepo, lakini jaribuni kuifikiria ile baraza. Takbiri. Mama wa vitumbua anapiga vigelegele na upawa juu. Mtu na mtoto wake wa jicho dakika chache zilizopita, sasa anaona mabonde. Na mimi nimesimama katikati, mkono wa kushoto umeganda ubavuni kama wa mtu aliyevunjika.

"Tunyanyue mikono," akasema Babu, "tumshukuru Mola."

Nikanyanyua mmoja.

"Yote miwili, mwanangu."

Nikanyanyua viganja tu, viwiko nimevibana mbavuni kama kuku wa sokoni. Babu akaomba dua. Akaniombea mimi. Akaniombea na watoto wangu, na elimu yangu, Mola aizidishe. Nikaitikia aamin huku jasho linanitiririka, na plastiki ikaanza kuteleza kwenye jasho lile. Aamin ya mwisho watu wote wakapangusa nyuso zao. Na mimi, jamani, ni mazoea ya tangu chuoni, mikono ilikwenda yenyewe. Nikapangusa uso. Viwiko vikainuka.

Kikadondokea ndani ya kanzu, kikashuka tumboni, kikapita pajani, nikajaribu kukizuia kwa magoti, kikanishinda, kikatokea chini. Hakikuanguka kikalala kama kitu chenye adabu. Kilisimama kwa ukingo kikaanza kubiringika. Kikapita mbele ya mwalimu. Kikalizunguka jiko la vitumbua, pale penye mwanga wa makaa, kila mtu akione vizuri. Kikapunguza mwendo, kikayumba, kikaenda kulalia kwenye kandambili ya Babu Nahodha.

Babu akakiokota. Akakigeuza. Akakitazama mbele, nyuma. Akaenda nacho mpaka kwenye mdomo wa bomba, akakipachika, kikaingia sawasawa. Akainama kwenye jicho, akaangalia. Akakitoa, akaangalia. Akakipachika tena. Hakuna aliyekohoa. Kisha akakitoa mara ya mwisho, akakishika kwa vidole viwili, akakiinua nikione.

"Kumbe mtoto wa jicho ndiye huyu."

Yaliyofuata sikuyaona, nayasikia tu kwenye sauti ya Fundi kama nyie. Saa 3:11, katikati kabisa ya kupatwa, mimi nilikuwa jikoni kwangu nimekaa kwenye kibao cha mbuzi. Bomba aliliendesha Fundi, na wanasema watu waliona vizuri sana. Mwalimu alipitia uchochoroni, mpaka leo Alhamisi hatujasalimiana, na namwelewa. Watoto wananiita Kifuniko. Mama watoto aliingia jikoni mara moja tu, akasimama mlangoni, akauliza, "Na vile vinne vya Desemba?" Nimeapa kwa kila kitu. Hajanijibu.

Kifuniko nilikifuata jana. Kwa sasa bomba nalivalisha ile kofia ya nailoni ya kuogea ya mama watoto, na haipendezi mtu mzima akipita. Nilimkuta Babu barazani na wenzake.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba. Umekuja kunipeleka hospitali?"

Wazee wakaangalia pembeni, mabega yanatikisika. Nikasema nimefuata kifuniko changu. Akaniuliza mwezi unapatwa wote tena lini, hapa kwetu, jioni kama ile. Ratiba ninayo kichwani, siwezi kusema sina. Nikamwambia tarehe 31 Desemba 2028.

"Basi njoo siku hiyo," akasema, na akainua kikombe chake cha kahawa, akanywa fundo moja, akakirudisha juu ya kisosi chake. Cheusi, cha plastiki, cha mdomo wa milimita 114, herufi zinatazama juu.